Swali la Siri la Dotto

Kwa miaka kumi na minane Elida alikuwa na sentensi moja aliyoisema kuliko zote maishani mwake. Aliisema akiwa dirisha namba tatu la kituo cha mapokezi, Kigoma mjini, kila mkimbizi alipoinama kutaja jina lake kisha akasita katikati. "Taja tu, mama. Hakuna atakayefungua faili lako isipokuwa mwenye ruhusa." Aliwaambia hivyo Wakongo wa mwaka tisini na saba, kadi zikiwa bado za karatasi na mihuri ikichafua vidole. Akawaambia hivyo Warundi wa mwaka 2015, walioletwa na meli kutoka Kagunga midomo imewakauka, wakalala uwanja wa Lake Tanganyika wakisubiri mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Walimtazama, wakaiamini sura yake, wakataja.

Na sura yake ilifaa kuaminiwa. Alikuwa mama wa miaka arobaini na mitatu, Muha wa Kasulu aliyeolewa Mwanga hapohapo mjini, mwenye sauti ya taratibu na miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Alianza kazi hajui kompyuta inawashiwa wapi. Kufikia mwaka huo wa 2015 yeye ndiye aliyekuwa akiitwa printa ikikwama, yeye ndiye aliyejua kwa nini mtandao unakatika mvua ikitisha, na shirika zima lilikuwa na wimbo mmoja: "Muiteni Elida."

Halafu akaja Dotto.

Dotto alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenyeji wa Mwandiga hapo tu, amerudi nyumbani na shahada ya mambo ya kompyuta kutoka Dodoma. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililoudhi zaidi, maana mtu mwenye kiburi unamchukia kwa raha bila kujiuliza mara mbili. Dotto alifika asubuhi, akapita dirisha namba tatu, akasema, "Shikamoo, Dada Elida," akaenda zake kutengeneza vitu. Ndani ya miezi mitatu ule wimbo ukabadilika maneno. Printa ikikwama, "Muiteni Dotto." Mtandao ukikatika, "Dotto yuko wapi?" Elida alikuwa anakaa dirishani anasikia jina la mtu mwingine likiitwa mahali palipokuwa pake, na moyo unamuuma kabisa, si kwa mfano. Hata ile shikamoo ikaanza kumkera. Aliiona kama kijana anamhesabia umri mbele za watu.

Mwezi wa kumi mkuu wa ofisi, Bi Veneranda, aliwaita wote wawili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Akasema kumbukumbu za wakimbizi zimekuwa nyingi, na humo kuna majina ya watu ambao wakijulikana walipo wanaweza kuuawa. Shirika linataka afisa wa usalama wa taarifa, nafasi moja tu, na atakayeishika lazima awe na cheti cha kimataifa. Mtihani ni wa Kiingereza, unafanyiwa Dar es Salaam, mwezi wa tano. Ofisi itawalipia wote wawili. Akifaulu mmoja, kazi ni yake. Wakifaulu wote, watafanyiwa usaili.

"Someni pamoja," akasema. "Na wewe Elida, mwangalie Dotto anavyosoma, umwige."

Umwige! Elida alilibeba neno hilo mpaka nyumbani, akalifikisha mezani pamoja na ugali. Mume wake, Marselino, alikuwa fundi cherehani sokoni Mwanga, mtu mpole asiyejua kulikuza jambo dogo. Akamwambia, "Si ameongea tu?" Elida akamjibu kwamba yeye hajawahi kuambiwa amwige mtu tangu darasa la nne, na kama Marselino haoni ubaya wake basi aendelee kula. Marselino akaendelea kula.

Lakini kitabu cha mtihani alikisoma, na hapo tumpe haki yake. Kilikuwa kitabu kikubwa cha kuzuia mlango, Kiingereza chake kigumu, sentensi moja inaanza ukurasa huu na kumalizikia ule. Alikisoma alfajiri kabla binti yake Dainess hajaamka kwenda shule. Alikisoma saa ya chakula nyuma ya kituo, ziwa likiwa mbele yake na yeye halioni. Jumamosi alikwenda nacho kibandani kwa Marselino, akakaa juu ya gunia la vitambaa. Marselino alikuwa amemkatia maboksi ya nyuzi kuwa vikadi, maswali upande mmoja, majibu upande wa pili, na alimuuliza huku mguu wake ukiendelea na cherehani. Kiingereza cha Marselino kilikuwa cha kubahatisha, akitamka kila herufi kama ilivyoandikwa, kwa hiyo kabla ya kujibu ilibidi Elida kwanza atambue swali ni lipi. Mwisho wa yote hiyo ilimsaidia, maana aliyezoea maswali ya Marselino hakuogopa tena ya mtu yeyote.

"Njia tatu za mtu kujithibitisha kwamba ni yeye," Marselino alimuuliza siku moja kwa Kiswahili, amechoka.

"Kitu anachokijua, kitu alicho nacho mkononi, na kitu alicho nacho mwilini, kama alama ya kidole."

"Kwa hiyo mimi mteja akija kuchukua suruali yake, nimdai vyote vitatu?"

"Wewe unamjua kwa kiuno chake," Elida akasema, wakacheka, na kwa dakika hiyo moja Dotto hakuwepo duniani.

Kulikuwa na sura moja iliyohusu watu wa ndani, yaani wafanyakazi wanaogeuka na kufungua wasichotakiwa kufungua. Kitabu kilitoa orodha ya sababu zao. Tamaa, kisasi, uzembe, vitisho. Elida aliikariri orodha ile, lakini akagundua kwamba wivu haukuwemo. Pengine aliyekiandika alikuwa na ofisi yake peke yake.

Jumanne na Alhamisi alasiri walisoma pamoja, yeye na Dotto, kwenye chumba cha mikutano. Dotto alichora ubaoni, akaeleza, na kila Elida alipokwama alisema kwa sauti ya kumtia moyo, "Hilo jepesi tu, dada." Jepesi! Elida alikuwa amelala nalo siku tatu hilo jepesi. Walipojipima kwa maswali ya majaribio Dotto alipata themanini na mbili kwa mia, Elida sitini na nne. Mara ya pili Dotto themanini na tano, Elida sitini na nane. Alikuwa anapanda, hakuna shaka, lakini macho yake hayakuwa kwenye sitini na nane yake. Yalikuwa kwenye themanini na tano ya mwenzake, na yalimwasha.

Siku moja ya Februari, Dotto akiwa kambini Nyarugusu, mama yake alikuja ofisini kutoka Mwandiga na mkungu wa ndizi kichwani. Mlinzi hakujua ampeleke wapi, akamleta dirisha namba tatu.

"Mwakeye," Elida akamsalimia kwa Kiha, na mama wa watu akalainika papo hapo kwa kusikia lugha yake ndani ya ofisi yenye viyoyozi.

"Namtafuta Butoyi," akasema.

"Butoyi hatunaye hapa, mama."

"Mwanangu. Mnamwita Dotto."

Wakakaa, wakanywa chai, mama akasimulia. Walizaliwa pacha. Kwa desturi ya Waha, wa kwanza akaitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Surua ikamchukua Bukuru wakiwa na miaka minne. Butoyi alipoanza darasa la kwanza, mwalimu wake, mgeni kutoka Mwanza, akasikia ni pacha wa pili, akaandika Dotto kwenye rejesta kama wanavyoitana kwao, na jina likashika mpaka kwenye cheti cha chuo. "Nyumbani ni Butoyi," mama akasema. "Lile la nduguye silitaji mbele yake. Mpaka leo akilisikia anatoka nje." Elida akampa pole ya kweli, akamsindikiza mpaka barabarani, akampelekea Dotto mkungu wake aliporudi. Hakumwambia walichoongea.

Mwezi wa tano ukafika. Mtihani ulikuwa Ijumaa ya tarehe ishirini. Walikubaliana kuondoka pamoja kwa treni ya Jumanne. Kabla ya hapo Dotto alipelekwa tena Nyarugusu, wiki nzima, kwa sababu wakimbizi wapya walikuwa wameongezeka na mashine za alama za vidole zilikuwa zinasumbua.

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, Elida alipata barua pepe kutoka kituo cha mtihani. Umeme wa jengo lao utakuwa kwenye matengenezo Ijumaa, kwa hiyo watahiniwa wote wa siku hiyo watafanya mtihani Jumatano tarehe kumi na nane. Asiyetokea atahesabiwa ameshindwa, na hataruhusiwa kurudia kwa miezi sita.

Akaisoma mara mbili. Jambo la kwanza alilowaza, na baadaye alilishikilia kama ushahidi kwamba hakuwa mtu mbaya kabisa, lilikuwa kumpigia Dotto. Akampigia. Simu haikupatikana. Jambo la pili alilowaza lilikuwa kwamba treni ya Jumanne inafika Dar Alhamisi.

Akaiweka simu chini. Akahudumia watu wawili. Kisha swali likaanza kumla: je, Dotto ameuona ujumbe huo au hajauona? Ni hilo tu alilotaka kujua, alijiambia. Akajua amejidanganya wakati huohuo anajiambia, ila akainuka.

Kwenye korido palikuwa na kompyuta ya wote, iliyotumiwa na kila mtu mpaka mpishi kuangalia mpira. Mfumo wa barua pepe wa shirika ulikuwa wa kizamani. Mtu akisahau neno lake la siri, aliulizwa swali alilojiwekea mwenyewe, na akijibu sawa alifunguliwa mlango kwa dakika kumi bila kubadilisha chochote. Kitabu kilikuwa na sura nzima ya kulaani mifumo ya namna hiyo, na Elida alikuwa ameisoma mara tatu. Akaandika jina la Dotto, akabonyeza palipoandikwa kwamba amesahau. Swali likatokea: Jina la ndugu yako wa kwanza?

Akataka kucheka. Mtaalamu wa Dodoma! Mtu anaitwa Dotto, na nchi nzima inajua pacha aliyemtangulia Dotto anaitwa nani. Akaandika Kulwa.

Jibu si sahihi.

Akakaa vidole juu ya herufi. Alijua jibu. Alilijua kabla hajakosea, na hata alijua ni nani aliyempa na kwa sauti gani. Hapo angeweza kuinuka. Korido ilikuwa tupu, harufu ya maharage inatoka jikoni, hakuna aliyemsukuma. Akaandika Bukuru.

Mlango ukafunguka. Ujumbe wa kituo cha mtihani ulikuwa wa pili kutoka juu, maandishi yake mazito, maana yake haujasomwa. Akaufungua kuhakikisha ni uleule. Ulikuwa uleule. Alipoufunga aliona maandishi yamekuwa mepesi kama ya barua nyingine zilizokwisha kusomwa. Alijua namna ya kuyarudisha kuwa mazito, ni kubonyeza mara mbili tu. Hakuyarudisha. Hakufuta kitu, hakubadilisha kitu, hakuandika kitu. Alitoka, akarudi dirisha namba tatu, akasema, "Anayefuata."

Hakumpigia Dotto tena. Kila jioni alijipa sababu mpya. Simu haitapatikana. Ameshauona. Si kazi yangu kumsomea barua zake. Ijumaa alimwambia Bi Veneranda kwamba atatangulia na treni ya Jumapili kwa sababu ana dada yake Temeke anaumwa. Dada yake wa Temeke alikuwa mzima wa afya, na alimpikia pilau.

Jumatano Elida alifanya mtihani. Aliingia saa tatu, akatoka mchana amelowa jasho ndani ya baridi ya kiyoyozi, na karatasi aliyopewa mlangoni ilisema amefaulu. Alisimama kwenye ngazi za jengo lile akalia. Alilia kwa furaha kabisa, tusimnyime. Zile alfajiri zote zilikuwa zake, vile vikadi vya maboksi vilikuwa vyake, safari ya sitini na nne mpaka kufaulu aliitembea kwa miguu yake mwenyewe. Ijumaa asubuhi, akiwa Temeke anakunja kitenge cha zawadi ya Dainess, Dotto alimpigia.

"Dada, uko wapi? Niko hapa kituoni, wananiambia mtihani ulikuwa juzi."

"Juzi, ndiyo. Hukupata ujumbe?"

"Nimeuona sasa hivi. Umo tangu wiki iliyopita. Sijui ulinipitaje. Wewe ulifanya?"

"Nilifanya. Nilidhani umeupata, Dotto."

"Hongera, dada," akasema Dotto, na alimaanisha, na Elida akaanza kukikunja upya kile kitenge.

Ofisini walimsema Dotto kwa uzembe. Mtu ana akili zote zile anashindwa kusoma barua! Bi Veneranda alikuwa mkali zaidi kwa vile alikuwa amemtegemea. Mwezi wa saba Elida akahamia chumba chenye mlango, akapewa ufunguo wa mfumo wote, akasaini kiapo cha kurasa mbili. Marselino alimshonea gauni la kuanzia kazi. Na wivu wake? Mtu angedhani umekwisha. Lakini sasa Dotto alipopita na kusema, "Shikamoo, Dada Elida," hakumwona tena mtu mwenye themanini na tano. Aliona maandishi mazito yakigeuka mepesi.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti Dotto alibisha mlango.

"Dada, nimekuja kikazi. Nataka kulalamika rasmi." Akakaa. "Jana nilikuwa naongea na wenzangu wa Nyarugusu. Wamenikumbusha ile wiki ya mtihani mnara wa simu ulikufa, Jumatano mpaka Jumamosi. Mimi sikuwa na mtandao kabisa. Nilipoupata nilisoma zile zenye maandishi mazito tu, kama kawaida yangu. Sasa ule ujumbe aliusoma nani? Maana si mimi."

Elida akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Unamshuku mtu?"

"Simshuku mtu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ndiye unayeweza kuona."

Alipotoka, Elida alifunga mlango na kufungua daftari la mfumo, yaani kumbukumbu ya kila aliyeingia na kutoka. Mfumo ule wa kizamani ulikuwa na ugonjwa mwingine. Uliandika kila kitu, hata majibu ya siri, yaliyokosewa na yaliyopatiwa. Mistari miwili ilikuwa inamsubiri. Tarehe kumi na mbili Mei, saa tano na dakika ishirini, kompyuta ya korido: Kulwa, si sahihi. Dakika moja baadaye: Bukuru, sahihi. Jina lake halikuwepo popote. Kwa Bi Veneranda, aliyetoka Songea, mistari ile isingesema lolote. Kwa Dotto ingesema yote. Ofisi nzima ilimjua kuwa ni Dotto, na ofisi nzima ingeishia kwenye Kulwa. Aliyefika Bukuru alikuwa amekaa na mama yake.

Chini ya ukurasa palikuwa na maelezo madogo. Kumbukumbu hufutika zenyewe baada ya siku tisini. Akahesabu kwa vidole kama mtoto. Zingefutika Jumatano.

Kwa hiyo hakutakiwa kufanya chochote. Hakuna cha kufuta, hakuna cha kuficha. Akae kimya siku tano, aseme yuko kwenye uchunguzi, kisha Alhamisi amwambie Dotto kwa masikitiko kwamba muda umepita. Ukimya ulikuwa umemfikisha kwenye kiti kile na ukimya ungemlinda humo. Jumamosi alikwenda kibandani akakaa juu ya gunia la vitambaa bila kitabu. Marselino akamuuliza ana nini. Akasema kichwa. Jumapili kanisani alishindwa kutaja sala ya kuungama mpaka mwisho, midomo ikacheza tu.

Jumanne wafanyakazi wawili wa madirishani waliugua malaria, Bi Veneranda akamwomba Elida ashike dirisha namba tatu asubuhi ile. Akaketi kwenye kiti chake cha zamani. Mtu wa nne alikuwa mwanamke wa Kirundi, kijana, mtoto mgongoni, mkono mmoja una kovu bichi. Akataja jina la kwanza. Alipofika la pili akasita, akaangalia nyuma, akainama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Nani atalisoma hili?" akauliza.

Elida akafungua mdomo. Sentensi aliyoisema miaka kumi na minane haikutoka. Alijaribu mara mbili. Yule mwanamke alisubiri, macho yake yanaitafuta sura ile iliyokuwa ikiaminiwa, na Elida akayashusha yake kwenye meza kwa aibu.

"Subiri kidogo, mama," akasema. Akamwita mwenzake wa dirisha namba mbili amalizie. Akaenda chumbani kwake, akachapa ukurasa wa daftari la mfumo, akatoa fomu ya tukio, akaijaza kwa mkono. Ilimchukua robo saa. Kisha akamwita Dotto.

Dotto alisoma ukurasa akiwa amesimama. Kwenye mstari wa kwanza akacheka. "Kulwa! Huyu hanijui kabisa." Akasoma mstari wa pili na kicheko kikaisha.

"Bukuru," akasema polepole. Elida hakuwahi kumsikia akilitaja. "Hili jina, hapa mjini..." Akayainua macho.

Elida akamsogezea fomu. Kwenye nafasi ya aliyehusika palikuwa na jina lake. Kwenye nafasi ya afisa aliyechunguza palikuwa na jina lake tena, kwa mwandiko uleule. Kwenye nafasi ya sababu aliandika neno moja: wivu.

Dotto alikaa kwenye kiti. Muda mrefu alikuwa anaitazama fomu, si yeye.

"Mama alikwambia kuwa amekufa?"

"Aliniambia."

"Ulipoandika hapa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Dotto. Nisamehe."

Dotto akaikunja karatasi ile yenye jina la nduguye, akaitia mfukoni mwa shati. Fomu akaiacha. "Mpelekee Bi Veneranda mwenyewe," akasema, akatoka nje, akasimama uani amewapa watu mgongo.

Bi Veneranda aliisoma fomu mara mbili chai ikipoa. Akaweka kidole kwenye nafasi ya sababu. "Hapa wanataka maelezo."

"Ndiyo hayo, mama. Sina mengine."

Wakubwa walitaka afukuzwe kazi. Bi Veneranda akawaandikia kwamba amejileta mwenyewe siku moja kabla ya ushahidi kufutika, na kwamba Warundi bado wanaingia na madirisha hayana watu. Wakamvua cheo, wakamwacha. Waliotoa cheti waliandikiwa, nao wakakirudisha kwao. Marselino alipoambiwa yote alisimamisha cherehani, jambo asilolifanya hata mvua ikivuja kibandani. Baadaye akasema, "Vile vikadi nilikata vyote kwa mkasi wa suti, ule usiogusa karatasi," na Elida akalia kuliko alivyolia kwenye zile ngazi za Dar es Salaam. Mwezi wa kumi na mbili Dotto alikwenda kufanya mtihani, akarudi amefaulu, akapewa kile chumba chenye mlango. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuyaondoa maswali ya siri kwenye mfumo mzima.

Elida yuko dirisha namba tatu. Mkimbizi akisita katikati ya jina humwambia, "Taja, mama. Akifungua asiye na ruhusa, atajulikana." Wanataja. Asubuhi Dotto akifika hupita palepale, hasimami, ila hawezi kupita bila salamu kwa sababu amelelewa vizuri.

"Habari za asubuhi, Bi Elida," husema.

"Nzuri," Elida hujibu, na marahaba yake anabaki nayo.